Kuziba au kubeba? Gego na mafundi wake kwa karne mbili

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikila mahindi ya kuchoma, gego langu la chini likatoa mlio. Halikuvunjika gego lenyewe, bali kile kibonge cheusi kilichokuwa ndani yake tangu siku zangu za chuo. Nilikitema kiganjani, nikakifunga kwa shashi, nikakipeleka kwa daktari wa meno. Daktari, binti ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, alikigeuzageuza kwa kibano akacheka.

"Mwalimu, hii imekutumikia miaka thelathini na kitu. Lakini hapa hatuziweki tena."

"Basi niziba na chochote, daktari."

"Kuziba si kazi. Shida ni kwamba hili ni gego. Litatafuna."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Sisi husema kuziba jino, kama vile mtu anavyoziba paa linalovuja au mtungi uliotoboka. Wengine husema kujaza. Vitenzi vyote viwili vinalitazama shimo. Hakuna kinachoutazama mzigo. Wafaransa nao huita kazi hiyo plombage, kutokana na neno la Kilatini la risasi, kwa kuwa zamani madini hayo yalisukumizwa kwenye meno yaliyooza. Risasi ilishaachwa, jina likabaki. Lao linakumbuka kilichotiwa, letu linakumbuka tundu. Nguvu ya kutafuna haikupata jina popote, ilhali ndiyo iliyowahangaisha mafundi wa meno kwa karne mbili.

Hebu tuipime. Mtu mzima mwenye meno timamu anapouma kwa nguvu kwa magego, hutoa nyutoni 500 hadi 700 hivi. Hiyo ni sawa na kumsimamisha mtu wa kilo 50 hadi 70 juu ya jino. Meno ya mbele hukata tu, mzigo wake ni mdogo mno kuliko huo. Ndiyo maana kinachodumu kwenye jino la mbele kinaweza kupasuka nyuma kabla ya mwaka kwisha.

Dhahabu iliweza. Fundi aliigonga ukuti kwa ukuti ndani ya shimo hadi ikashikamana, kazi ya saa nzima au zaidi na ya bei ya matajiri. Maskini aling'olewa. Hapo ndipo zebaki ilipoingia. Katika miaka ya 1820 daktari Mfaransa, Auguste Taveau, alikuwa akitumia mchanganyiko wa fedha na zebaki mjini Paris. Ukichanganya unga wa fedha na zebaki unapata kitu laini kama ugali, unachoweza kukishindilia kwenye shimo, na baada ya muda kinakuwa kigumu. Neno amalgamu lenyewe hufuatiliwa hadi Kigiriki, malagma, dawa laini ya kubandika mwilini. Kwa hiyo ulaini ndio uliolipa jina, ingawa sifa iliyoletea amalgamu wateja ni ugumu wake.

Mwaka 1833 ndugu wawili wa ukoo wa Crawcour waliivusha bahari hadi New York, wakaiuza kwa jina la kifahari lililoitaja kuwa mbadala wa kifalme. Walikuwa wafanyabiashara zaidi ya matabibu. Amalgamu za wakati huo, nyingine zikitengenezwa kwa vumbi la sarafu zilizokerezwa, zilitanuka zikapasua meno, au zikanywea zikaacha mwanya. Madaktari wa meno wa Marekani walighadhabika. Chama chao, kilichoundwa mwaka 1840, kiliwataka wanachama watie saini ahadi ya kutoigusa. Waliokaidi walisimamishwa. Mgogoro ule ulikisambaratisha chama, na kufikia mwaka 1856 kilikuwa kimekufa. Mimi nimeshuhudia wanalugha wakigombana kuhusu neno moja kwa miaka mingi, kwa hiyo siwacheki.

Aliyetuliza mambo kwa vipimo ni Greene Vardiman Black. Mwaka 1895 alichapisha uchunguzi wake kuhusu nguvu za meno na za vitu vya kuyajazia. Alitumia chombo cha kupima nguvu ya mtu anapouma, kisha akapima amalgamu moja baada ya nyingine, akitazama ipi hutanuka na ipi hunywea. Akapata kipimo: takriban theluthi mbili za unga ziwe fedha, robo hivi iwe bati, na kiasi kidogo cha madini mengine. Kabla ya Black watu walibishana kama amalgamu ni halali. Yeye aliuliza itabeba kilo ngapi. Mchanganyiko wa namna yake ulitawala hadi miaka ya 1960, shaba ilipoongezwa.

Amalgamu nzuri ya kisasa ikishakomaa huhimili mgandamizo wa megapaskali zaidi ya 300, yaani zaidi ya tani 3 kwa kila sentimita mraba. Lakini ukiivuta au kuipinda badala ya kuigandamiza, udhaifu wake unaonekana. Ukingo mwembamba humeguka. Tena haishiki jino kwa gundi yoyote. Daktari hulazimika kuchimba shimo lenye tumbo pana kuliko mdomo, kama chungu, na hivyo kukata hata sehemu nzima ya jino. Nadhani gego langu lililipa deni hilo.

Mshindani wake ni kompositi, ule ujazo wenye rangi ya jino. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ikipakwa kwenye jino huikwaruza enameli, plastiki ikapata pa kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hataza ya utomvu uliochanganywa na chembe za madini. Kompositi za mwanzo zililika upesi kwenye magego. Za leo ni imara, ila hunywea kidogo zinapokauka, na mwanya huo ni mlango wa uozo mpya. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2014 ilikuta kuwa kwenye meno ya nyuma kompositi zilikuwa na hatari ya kuharibika inayokaribia mara mbili ya amalgamu.

Kuna pia saruji ya glasi, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hii hushika jino yenyewe, haidai umeme. Nguvu yake ni takriban nusu ya amalgamu au chini ya hapo. Majirani zetu wana sehemu katika historia hii: ni Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, walikoanza kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kukereza, na baadaye saruji hii ikawa mwenzi wa mbinu hiyo duniani. Kwa shimo dogo juu ya gego inafaa sana. Shimo likishakula ubavu wa gego, huvunjika mara nyingi zaidi.

Na bado amalgamu inaondoka. Uamuzi wa kuandaa mkataba wa zebaki ulifanywa hapa Nairobi, kwenye kikao cha UNEP cha mwaka 2009. Mkataba ukapitishwa Japani mwaka 2013 kwa jina la Minamata, mji ambao zebaki ya kiwandani iliua na kulemaza watu. Novemba 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuisitisha amalgamu ya meno kufikia 2034. Hoja kubwa ni mazingira, zebaki inayofika majini na hewani. Siipingi. Ninachouliza ni nini kitawekwa kwenye gego la mtu anayetegemea zahanati ambako umeme hukatika na kompositi haipo. Huyo akiambiwa chaguo ni kung'oa, atang'oa.

Mimi nilikuwa na uwezo wa kuchagua. Daktari alijaza kompositi tabaka kwa tabaka, kila moja akiimulika taa ya buluu, karibu saa nzima. Kile kibonge cheusi alikitia kwenye chupa yenye kifuniko, wasikitupe takani. Nikamuuliza hiki kipya kitakaa miaka mingapi.

Alivua glavu kwanza. "Njoo baada ya miezi sita tukiangalie, Mwalimu. Na hayo mahindi, chemsha."