Chemchemi ya Perugia

Katika mji wa Perugia, nchi ya Italia, kando ya kanisa kuu la Mtakatifu Laurenti, iko chemchemi ya mawe iliyomalizika mwaka 1278. Mtawa Bevignate aliisimamia kazi. Boninsegna wa Venezia aliyaleta maji kutoka mlima Pacciano. Nicola Pisano na mwanawe Giovanni walichonga sanamu. Majina yao yameandikwa humo. Wachimba mfereji hawakuandikwa.

Lakini tutazame beseni ya chini. Humo, pamoja na Adamu na Eva, twamwona mkulima: mwezi wa sita avuna, wa kumi na moja alima na kupanda, wa kumi na mbili achinja nguruwe. Juu yake wasimama watakatifu na wafalme.

Sisi nasi, tukiwahesabu wajenzi katika yubile hii, tusiwasahau waliochota maji.