Watoto wa Kirchberg na Moto wa 1933

Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, katika uwanja wa Opernplatz mjini Berlin, wanafunzi wa vyuo vikuu waliteketeza maelfu ya vitabu. Majina ya waandishi yalitajwa kwa sauti kuu, na mojawapo lilikuwa la Erich Kästner, mzaliwa wa Dresden wa mwaka 1899. Mwenye jina alikuwa papo hapo, amesimama katika umati. Mwanamke mmoja alimtambua, akapaza sauti. Kästner akaenda zake. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe baada ya vita.

Kabla mwaka ule haujaisha ilitoka riwaya yake ya vijana, Das fliegende Klassenzimmer, yaani Darasa Lirukalo. Yaliyomo hutukia katika shule ya bweni ya Kirchberg, siku chache kabla ya Krismasi. Wavulana watano ndio msingi wake, nao ni mbalimbali mno. Martin Thaler ni wa kwanza darasani, lakini wazazi wake ni mafukara. Uli von Simmern ni mwana wa kabaila, mdogo wa umbo na mwoga. Matthias Selbmann ana nguvu nyingi na njaa isiyokwisha. Ataka kuwa bondia. Sebastian Frank ni mjuzi mwenye ulimi mkali. Johnny Trotz alipakiwa melini na baba yake huko New York akiwa wa miaka minne, akaambiwa babu na bibi watampokea Hamburg, kumbe walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Mwandishi dhaifu angaliwafananisha wote hatimaye. Kästner hakufanya hivyo. Urafiki wao wasimama juu ya tofauti zenyewe. Martin, aliyeletewa marki 5 na mama yake ilhali nauli ya kwenda kwao ni 8, aficha fedheha yake hata kwa wenzake, mpaka mwalimu Bökh aijue na kumpa 20.

Lakini msomaji wa historia atasita penginepo. Wanafunzi wa shule nyingine ya mji ule wamteka Rudi Kreuzkamm, wayachoma mbele yake madaftari ya imla aliyokuwa akiyachukua. Si lazima kudai kwamba Kästner alikusudia fumbo. Yatosha kwamba karatasi zawaka katika kitabu cha mwaka huo. Tena, Uli anapopandishwa darini ndani ya kapu la taka, mwalimu Kreuzkamm aliamuru darasa zima liandike mara tano kwamba lawama ya uovu yawapata pia wale wasiouzuia.

Sentensi hiyo ilimrudia mwandishi wake. Alipigwa marufuku kuchapisha Ujerumani, akakamatwa na Gestapo mara mbili, wala hakuhama. Alisema ataka kuwa shahidi. Hapana shaka mapenzi kwa mama yake yalimzuia pia. Hata hivyo filamu Münchhausen ya 1943, iliyotengenezwa chini ya dola ile ile, yatokana na maandishi yake, kwa jina la bandia la Berthold Bürger. Wanaomhukumu kwa hilo wana hoja, ingawa aghalabu husahau kwamba adhabu ya ushujaa wakati ule haikuwa mguu uliovunjika, kama wa Uli aliporuka na mwavuli. Ushahidi wenyewe, riwaya kubwa ya miaka ile 12, hakuuandika. Alifariki Munich mwaka 1974.