Amplifaya Kubwa ya Nini?

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alinijia nyumbani asubuhi na mapema. Baada ya shikamoo na marahaba akanieleza lililomleta. Gitaa la umeme amekwisha nunua, na sasa anatafuta amplifaya.

"Mjomba," akaniambia, "twende wote Kariakoo. Nataka ile kubwa, ya wati 100. Nikiiwasha mtaa mzima ujue."

Nikamuuliza fedha za kununua mashine ya namna hiyo amezipata wapi. Akajibu kwamba yeye anazo nusu, na nusu ya pili ataongezewa na bwana mmoja wa mtaani kwao. Sharti ni moja tu: amplifaya itakaa kwa yule bwana, na kijana atakuwa akimpigia kwenye shughuli zake kila mwisho wa juma. Nikamuuliza tena anajua nyimbo ngapi. Akainama. Akasema mbili, na ya pili bado haijakaa sawa.

Nikamwambia aketi tunywe chai kwanza. Haya nitakayowaambia leo ndiyo niliyomwambia yeye, kwa kuwa najua vijana wa namna yake wako wengi mijini, na wazazi wao vilevile.

Gitaa la kawaida, lile la mbao lenye tundu kifuani, lina sauti ndogo. Chumbani linatosha. Lakini katika miaka ya 1920 na 1930 huko Marekani, bendi za dansi zilijaa matarumbeta, masaksafoni na madramu, na mpiga gitaa aliyeketi katikati yao alionekana akichezesha vidole tu bila kusikika. Swali lake lilikuwa moja: nitasikikaje?

Jibu lilipatikana mjini Los Angeles. Mwaka 1932 George Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker walianza kuuza gitaa la umeme ambalo, kwa umbo lake la duara lenye mkono mrefu, watu walilibandika jina la kikaango. Chini ya nyuzi zake za chuma kulikuwa na sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Uzi ukitikisika karibu na sumaku, umeme huzaliwa ndani ya ule waya. Hata hivyo, umeme huo ni dhaifu mno, hauwezi kuitikisa spika. Amplifaya kazi yake ni kuupokea umeme huo dhaifu na kuupa nguvu. Kwa hiyo gitaa la umeme tangu siku ya kwanza lilikuwa vitu viwili: nusu unaishika mkononi, na nusu iko sakafuni. Mwenye nusu moja hana gitaa.

Kampuni ya Gibson ililielewa jambo hilo. Mwaka 1936 ilipotoa gitaa lake liitwalo ES-150, liliuzwa pamoja na amplifaya yake, kwa jumla ya dola kama 150. Gitaa la aina hiyo ndilo alilolipiga Charlie Christian, kijana aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 na kuwafundisha watu kwamba gitaa nalo laweza kusimama mbele na kupiga solo kama tarumbeta. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu. Angalieni basi: sifa zote zile alizipata kwa mashine ndogo, ya ukubwa wa sanduku la safari.

Baada yake akaja fundi redio wa mji wa Fullerton, California, jina lake Leo Fender. Alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni iliyochukua jina lake. Ajabu ni kwamba mtu huyu hakujua kupiga gitaa. Alijua kusikiliza. Wanamuziki walimletea mashine zilizowaharibikia, naye akawauliza kasoro zake, akarudi mezani. Alitengeneza amplifaya za kumbi, akatengeneza pia ndogo ya wanafunzi iliyokuja kuitwa Champ, yenye wati zisizozidi 5 au 6. Mashine hiyo ya wanafunzi inatajwa kuwa ndiyo Eric Clapton aliyoitumia studio mwaka 1970 katika santuri ya "Layla". Mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua amplifaya yoyote duniani alichukua ya mwanafunzi, kwa sababu studio maikrofoni iko mbele ya spika na hapana haja ya kupiga kelele.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Mapema katika miaka ya 1960 mashine za Marekani zilikuwa ghali kwa vijana wa London. Jim Marshall, mpiga dramu na mwalimu wa dramu aliyekuwa na duka la vyombo katika kitongoji cha Hanwell, yeye na mafundi wake wakaichunguza amplifaya moja ya Fender, na mwaka 1962 wakatoa ya kwao. Vijana wakaipenda. Lakini muziki wa roki ulikuwa unakua, kumbi zinapanuka, na kila siku wakarudi dukani na ombi lilelile: ongeza nguvu. Mwaka 1965 Pete Townshend wa bendi ya The Who alitaka mashine ya wati 100 na kabati moja lenye spika 8. Kabati likatengenezwa, likawa zito kiasi cha kuwatesa wabebaji, hata likagawanywa mawili, moja likapandishwa juu ya jingine. Ule mnara wa makabati tunaouona kwenye picha, ambao vijana wetu wanautamani, asili yake ndiyo hiyo.

Na mwaka huohuo, tarehe 15 Agosti, Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Walikuwa na amplifaya za Vox za wati 100, kubwa kuliko walizozizoea. Hazikufua dafu. Mashabiki walipiga mayowe kiasi kwamba wanamuziki wenyewe hawakujisikia. Dawa ya uwanja haikuwa kuongeza ukubwa wa mashine ya gitaa. Dawa ilikuwa kuweka maikrofoni mbele yake na kuipeleka sauti kwenye spika kubwa za ukumbi, na ndivyo ilivyokuja kufanyika katika miaka iliyofuata.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipomgeukia mpwa wangu. Nikamwambia kwamba kila amplifaya katika historia hii ilikuwa jibu la swali la mtu fulani. Ile ya wati 100 ni jibu la swali la Pete Townshend mwaka 1965. Wewe uliye na nyimbo mbili katika chumba cha kupanga, swali lako ni lipi?

Aidha, wati haziendi kama vijana wanavyodhani. Wengi huamini kwamba mashine ya wati 100 inalia mara 10 zaidi ya ile ya wati 10. Sivyo. Sikio la binadamu huona sauti imekuwa maradufu pale nguvu inapozidishwa kama mara 10. Kwa hiyo, spika zikiwa sawa, wati 100 kwa wati 10 ni kama mara 2 tu. Bei yake na uzito wake ndivyo vinavyozidi sana. Debe tupu haliachi kuvuma, na mpigaji asiyejua akipewa wati 100 atavuma kweli, lakini ni makosa yake yatakayosikika hadi barabarani.

Na hapa kwetu je? Mwaka uleule wa kikaango, 1932, ndio unaotajwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa Dar es Salaam Jazz Band. Morogoro Jazz ilifuata mwaka 1944. Magitaa ya umeme yalipoenea katika bendi zetu, mpiga solo akawa mfalme wa ukumbi. Nani asiyemkumbuka Mbaraka Mwinshehe? Lakini mfalme huyo kwa kawaida hakuwa na kiti chake mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz, ya mwaka 1971, ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi nao walikuwa na bendi yao. Mwenye bendi ndiye aliyenunua vyombo, na neno lenyewe "vyombo" lilikuwa na maana ya magitaa, amplifaya, spika na dramu kwa pamoja. Mwanamuziki akihama, na walihama sana, aliondoka na vidole vyake tu.

Sisemi utaratibu ule ulikuwa mbaya. Bila mashirika yale, vijana wengi wasingeligusa gitaa la umeme maisha yao yote, maana vyombo vilitoka nje na vilitaka fedha za kigeni. Lakini jambo lililo jema kwa shirika lenye mishahara na kanuni laweza kuwa msiba likiwa mikononi mwa mtu mmoja. Hilo nalijua kwa kuwa lilinikuta.

Nilipokuwa kijana, miaka ya 1980, tulikuwa na bendi ya mtaani. Mimi nilipiga gitaa la rithim. Magitaa tulikuwa nayo mawili, ya kuungaunga, lakini amplifaya ilikuwa moja, mali ya mfanyabiashara mmoja ambaye hakujua hata kutega nyuzi. Yeye ndiye aliyepanga siku ya mazoezi, nani aimbe, na nani asije. Siku moja mwimbaji wetu alimdai ujira wa harusi mbili. Yule bwana hakugombana. Alileta mkokoteni, akapakia amplifaya yake, akaenda zake. Bendi ilikufa jioni ile. Gitaa langu lilitundikwa ukutani, bubu, hata nyuzi zikashika kutu. Sikupiga tena.

Mpwa wangu alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa mjomba, ninunue ipi?"

Nikampa mambo machache, nami nawapa ninyi.

Kwanza, mashine ya transista ya wati 10 hadi 20 inamtosha kabisa anayeanza. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, ikachukua nafasi ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama balbu ndogo. Wapo wanaoapa kwamba sauti ya valvu ni tamu zaidi, nami sibishani nao. Lakini valvu huchakaa, hutaka fundi, na mashine yake huhifadhi umeme wa hatari ndani hata baada ya kuchomolewa. Mwanafunzi hana haja na mzigo huo. Na asidhani transista ni ya watoto: Roland ya Japani ilitoa Jazz Chorus mwaka 1975, ya transista tupu, na wapigaji wakubwa wakaipenda kwa sauti yake safi.

Pili, tazama spika. Inchi 8 ni nzuri kwa kuanzia. Zile ndogo sana hutoa sauti nyembamba kama ya redio ya mkononi.

Tatu, nenda na gitaa lako mwenyewe, na usikubali muuzaji akupigie. Zima mwangwi, zima mkwaruzo, usikilize sauti tupu. Mapambo yale ni mazuri wakati wake, lakini humfichia mwanafunzi makosa, na kosa lililofichwa halirekebishwi.

Nne, iwe na tundu la spika za masikioni. Katika nyumba za kupanga, amani na jirani ni sehemu ya mazoezi.

Tano, ikiwa ni ya mtumba, soma maandishi ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Marekani hutaka 120, ya Japani 100. Ukiichomeka ovyo bila transfoma, utanusa moshi na fedha yako imekwenda. Zungusha kila kitufe polepole, usikie kama inakwaruza. Na plagi yenye pini 3 usiikate ile ya tatu. Hiyo ndiyo njia ya kuupeleka ardhini umeme uliopotea, la sivyo utapita kwenye nyuzi za gitaa na mkono ulioshika nyuzi hizo.

La mwisho, iwe yako. Hata kama ni ndogo, hata kama watu watacheka.

Tulikwenda Kariakoo. Muuzaji alituonyesha kubwa, akaisifia, akaipandisha sauti hadi wapita njia wakageuka. Kijana aliitazama kwa muda mrefu, nami sikusema neno. Kisha akaomba ile ndogo iliyokuwa chini ya meza, ya wati 15, akaketi juu ya kreti la soda, akaupiga ule wimbo wake wa pili taratibu. Alikosea mahali palepale mara tatu. Mara ya nne akapapata.

Akalipa kwa fedha zake zote, akaibeba kwa mkono mmoja hadi kituo cha daladala. Yule bwana wa mtaani nasikia amekasirika. Tukutane juma lijalo.