Biolojia Mlangoni mwa Udaktari

Nchini Marekani, kijana anayetaka kuwa daktari husoma kwanza shahada ya kwanza kwa miaka minne, kisha udaktari kwa miaka mingine minne, ndipo aingie hospitalini kufunzwa ubingwa. Kati ya shahada ile ya kwanza na udaktari wenyewe imechomekwa, kwa baadhi ya waombaji, hatua nyingine: shahada ya uzamili ya biolojia au ya fani iliyo jirani nayo, ya mwaka mmoja au miwili, inayosomwa na mtu asiyekusudia kuwa mwanabiolojia. Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko hukutana na hatua hiyo kwa mshangao, hasa wazazi waliozoea kuona mwanafunzi wa chuo cha tiba cha Muhimbili, Dar es Salaam, akitoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja kwenye darasa la anatomia. Wengi hudhani kwamba tiba ya Marekani ni ngumu kiasi cha kuhitaji maandalizi marefu zaidi. Historia haikubaliani nao. Biolojia iliwekwa mlangoni mwa udaktari ili impe mwanafunzi maarifa atakayoyahitaji ndani. Baadaye ikafanywa chujio la kupunguza watu. Uzamili huu ni tabaka la karibuni la chujio hilo, na umetokana na uhaba wa nafasi kuliko upungufu wa elimu.

Kabla ya hapo hapakuwa na chujio lolote. Katikati ya karne ya 19 vyuo vingi vya udaktari vya Marekani vilikuwa mali ya madaktari waliofundisha humo. Mwanafunzi alinunua tiketi za mihadhara, fedha zikaingia mfukoni mwa mwalimu, na kila aliyekataliwa alikuwa hasara kwa mwenye chuo. Alisikiliza mihadhara kwa miezi michache, na mwaka wa pili mara nyingi akaisikiliza ileile tena. Hata Harvard, Charles Eliot alipokuwa rais wa chuo mwaka 1869, mtihani wa udaktari ulikuwa wa mdomo, na mtu aliyefaulu masomo matano kati ya tisa alipewa shahada. Eliot alipotaka mtihani wa kuandika, Henry Bigelow, daktari bingwa wa upasuaji aliyeheshimiwa sana chuoni hapo, alipinga kwa hoja kwamba wengi wa wanafunzi hawakuweza kuandika vizuri. Hoja hiyo ilitolewa kwa nia ya kuwatetea wanafunzi, lakini inatuonyesha ni nani walioachiwa kukata miili ya wagonjwa. Yeyote anayelalamikia masharti ya leo, nami nitayalalamikia, sharti akumbuke hali hiyo kwanza.

Mageuzi yalitokea Ulaya, ambako maabara za Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimeanza kueleza magonjwa kwa seli na vijidudu. Daktari asiyejua kutumia hadubini hakuweza tena kufuata habari za taaluma yake mwenyewe. London, Thomas Huxley, mtu aliyesomea tiba katika hospitali ya Charing Cross, alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1870 kozi ya biolojia ya vitendo kwa walimu: mwanafunzi apasue chura na kamba kwa mkono wake, aone kwa macho yake, achore. Msaidizi wake, Henry Newell Martin, aliandika naye kitabu cha mafunzo hayo mwaka 1875, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Baltimore kuwa profesa wa kwanza wa biolojia katika Chuo Kikuu kipya cha Johns Hopkins. Huxley naye alihutubia huko mwaka huohuo. Alisisitiza kwamba sayansi za msingi zisomwe kabla ya mtu kuingia kwenye mafunzo ya udaktari, ili miaka ya tiba isijazwe mambo yaliyostahili kutangulia.

Idara ya Martin ni miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo biolojia na udaktari vilifungamana Marekani. Ilikuwapo miaka kadhaa kabla ya chuo cha tiba ambacho ilitarajiwa kukiandalia wanafunzi. Johns Hopkins, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1873, aliacha dola milioni 7 zigawanywe kati ya chuo kikuu na hospitali, lakini fungu la chuo lilikuwa katika hisa za reli ya Baltimore na Ohio, na hisa hizo ziliposhuka, chuo cha tiba kikakosa fedha. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1889 bila chuo hicho. Katika kungoja huko, idara ya biolojia ililea watafiti: Edmund Wilson alipata uzamivu wake hapo mwaka 1881 na Thomas Hunt Morgan mwaka 1890, watu wawili ambao kazi zao juu ya seli na urithi zingali zinasomwa. Masomo ya juu ya biolojia yaliyowazunguka yalikuwa kazi ya kutafuta jambo ambalo bado halijajulikana. Nalitaja hili kwa sababu tutaona jinsi shahada za juu za biolojia zilivyokuja kutumiwa baadaye kwa kazi nyingine kabisa.

Aliyekwamua chuo cha tiba ni Mary Elizabeth Garrett, binti wa aliyekuwa rais wa reli ileile. Mwishoni mwa mwaka 1892 alitoa zaidi ya dola 306,000 kukamilisha mfuko wa dola 500,000, akaambatanisha masharti. Wanawake wapokelewe sawasawa na wanaume. Kila anayeingia awe na shahada ya kwanza, awe amesoma sayansi za msingi, na ajue Kifaransa na Kijerumani. Maprofesa wenyewe walishtushwa na ukubwa wa masharti hayo. William Osler anakumbukwa kwa kumwambia William Welch kwamba ni bahati yao wameingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepokelewa. Mwaka 1893 waliingia wanafunzi 18, watatu wao wanawake. Ukitazama vizuri utaona kwamba sharti gumu la elimu na mlango mpya kwa wanawake vilikuja katika zawadi moja. Kupandisha kiwango hakukuwa, tangu mwanzo, sawa na kuwafungia watu nje.

Kufungia nje kulikuja pale mfano wa Baltimore ulipofanywa kipimo cha nchi nzima. Abraham Flexner hakuwa daktari; alikuwa mwalimu wa Louisville, Kentucky, mwenye shahada ya kwanza ya Johns Hopkins. Alitumwa na Wakfu wa Carnegie kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, na ripoti yake ikatoka mwaka 1910. Vyuo 16 tu ndivyo vilivyodai angalau miaka miwili ya chuo kikuu kabla ya kuingia. Flexner alitaka miaka hiyo miwili, yenye fizikia, kemia na biolojia, iwe kima cha chini kila mahali. Vyuo dhaifu vilikuwa vimeanza kufungwa kabla yake, lakini ripoti iliongeza kasi, na katika miaka ya 1920 vyuo vya udaktari vya Marekani vilikuwa vimebaki takriban 80. Kati ya vyuo saba vya Wamarekani weusi, alishauri viwili tu visaidiwe, Howard cha Washington na Meharry cha Nashville. Vile vitano vingine vilitoweka. Watafiti waliochapisha makadirio mwaka 2020 walikokotoa kwamba, kama vingeendelea, vingetoa zaidi ya madaktari 35,000 kufikia mwaka 2019.

Yapo majibu ya haki dhidi ya lawama ambayo hesabu hiyo inamtupia Flexner. Vyuo vingi vilivyofungwa vilistahili kufungwa. Vingine havikuwa na maabara yenye vifaa, na mgonjwa maskini ndiye aliyelipa gharama ya ujinga wa daktari wake, mgonjwa mweusi akiwa wa kwanza. Nakubali. Lakini chuo chenye upungufu kinaweza kufungwa, na kinaweza pia kupewa maabara. Fedha za wafadhili wakubwa zilizofuata ripoti ile zilimiminwa kwa wingi katika vyuo vilivyokuwa tayari na nguvu. Na sharti la miaka miwili ya chuo, wakati ambapo vijana weusi wa Kusini walikuwa na nafasi chache mno hata za sekondari, lilipima mambo mawili kwa pamoja: ujuzi wa biolojia, na uwezo wa familia kumsomesha mtoto mpaka hapo. Vitu hivyo viwili havijawahi kutenganishwa tangu wakati huo.

Chujio liliendelea kukazwa hata baada ya ujinga wa karne ya 19 kwisha. Katika miaka ya 1920 baadhi ya vyuo vilipoteza sehemu kubwa ya wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza, ndipo mwaka 1928 kukaanza mtihani wa kuwapima waombaji, uliotungwa na Fred Moss wa Chuo Kikuu cha George Washington, babu wa ule unaofanywa leo. Lengo lilikuwa zuri: asiingie mtu atakayeshindwa. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili waombaji waliongezeka, na waliokataliwa hawakuwa tena watu ambao wangeshindwa. Mwaka 1974 waliomba zaidi ya 42,000 na nafasi zilikuwa takriban 15,000. Kati ya wale walioachwa nje walikuwamo maelfu waliokwisha kusoma biolojia yote iliyodaiwa na kuifaulu. Kwa watu hao, katika miaka hiyohiyo ya 1970, Georgetown ilianzisha uzamili maalumu wa fiziolojia. Mwanafunzi huketi darasani pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, hufanya mitihani yao, na alama zake hulinganishwa na zao. Vyuo vingine vikaiga. Programu hiyo inatimiza lile inaloahidi: inamthibitishia mwombaji kwamba anaweza. Ila mtu aliyefaulu mwaka wa kwanza wa udaktari, bila kuwa mwanafunzi wa udaktari, amethibitisha pia kwamba kilichokosekana hakikuwa maarifa.

Tawi la pili la wazo hilo la kutanguliza biolojia lilikulia kwetu Afrika Mashariki. Uingereza nayo ilizifanya fizikia, kemia na biolojia kuwa hatua ya kwanza ya masomo ya tiba, na baadaye sehemu kubwa ya hatua hiyo ikashushwa hadi miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mafunzo ya utabibu yalipoanza katika hospitali ya Mulago, Uganda, katika miaka ya 1920, wanafunzi wa Afrika Mashariki walipata sayansi zao za msingi katika chuo cha Makerere. Kidato cha tano na sita vilipoenea, kazi hiyo ikahamia huko, na tahasusi ya fizikia, kemia na biolojia ikawa ndiyo njia ya udaktari. Shule ya tiba ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1963, na ile ya Nairobi ya mwaka 1967 zilikua katika mfumo huo. Kenya ilipofuta kidato cha tano na sita, ikawapokea wanafunzi wa tiba kutoka kidato cha nne. Ikiwa maarifa yaleyale yanaweza kufundishwa kwa kijana wa miaka 17 Tabora, au ndani ya chuo cha tiba chenyewe Nairobi, basi urefu wa safari ya Marekani haukuamriwa na mwili wa binadamu. Wala sisemi kwamba kwetu hakuna chujio. Liko katika mtihani mmoja wa taifa, na anayeteleza siku hiyo hupewa nafasi chache mno za kurudi.

Kuna pingamizi nzito zaidi: biolojia ya leo si ya mwaka 1910. Kuna jenetiki, kinga ya mwili, tiba za saratani zinazolenga molekuli moja. Je, daktari hahitaji zaidi? Anahitaji, lakini swali ni ayapate wapi maarifa hayo. Chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, kuanzia mwaka 1987 kiliwapokea baadhi ya wanafunzi wa fasihi, historia na falsafa bila kuwadai kemia ya kaboni, fizikia wala mtihani wa kuingilia. Mwaka 2010 matokeo ya wanafunzi 85 wa aina hiyo yalichapishwa kando ya yale ya wenzao 606 waliopita njia ya kawaida. Katika mtihani wa kwanza wa leseni, ule wa sayansi za msingi, walikuwa nyuma kidogo. Katika masomo ya hospitalini na tuzo za kuhitimu walikuwa sawa nao. Hao walichaguliwa kwa uangalifu, na haitupasi kudai kwamba kila mtu angefanya vile. Inatosha kuona kwamba pengo dogo la mwanzo lilizibwa ndani ya chuo cha tiba chenyewe.

Lililobaki ni utetezi wa nafasi ya pili. Kijana aliyepata alama mbaya akiwa na miaka 19, labda kwa sababu alifanya kazi usiku kusaidia nyumbani, anapewa mwaka wa kujisahihisha. Huu ndio utetezi ninaouheshimu kuliko wote, na mwenye kukosa nafasi hiyo kwa mtihani mmoja wa taifa anaujua uzito wake. Lakini nafasi hiyo huuzwa, kwa ada ambayo mara nyingi ni deni, kwa mtu anayengojewa na madeni ya miaka minne mingine. Wanaoimudu kwa urahisi si wale waliofanya kazi usiku.

Kwa anayejiandaa kuanza uzamili huo mwaka huu, tofauti ya kihistoria kati ya aina mbili za programu ina faida ya papo hapo. Kuna inayokupeleka maabarani, ikakupa swali lisilo na jibu na msimamizi wa kukuuliza maswali, kama ilivyokuwa kwa Wilson na Morgan. Kuna nyingine inayorudia mwaka wa kwanza wa udaktari ili upimwe upya. Zote zinaweza kukufaa, kwa sababu mbalimbali. Kabla ya kutia sahihi mkopo, waulize kwa maandishi ni wahitimu wangapi wa miaka ya karibuni waliopata nafasi ya udaktari, na ni wangapi waliokosa na sasa wanafanya nini. Chuo kisichokujibu swali la pili usikipe fedha zako.