Leakey kabla ya Zinjanthropus: miaka ya ujasusi

Si mbali na Malaba, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, kuna jabali lililoinama likawa kama paa la nyumba. Mahali hapo panaitwa Kakapel. Ukutani wamechorwa ng'ombe na miduara, michoro mingine juu ya mingine, kazi ya watu waliopishana hapo kwa vizazi vingi. Wageni huuliza ni nani aliyechora. Swali linalonikaa mimi ni jingine: waliotufundisha kusoma alama za kale katika nchi hii walikuwa wakimtumikia nani?

Jibu haliwezi kumkwepa mwanaakiolojia Louis Leakey. Alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mwana wa wamisionari, mwaka mmoja tu baada ya Waingereza kuukata upande huu wetu kutoka Uganda na kuuunganisha na eneo lililokuja kuitwa Kenya. Alikua akisema Kikuyu pamoja na wavulana wa Kabete, na wakamwingiza katika rika lao. Baadaye Cambridge ilimpa shahada ya uzamivu, na kati ya 1937 na 1939 alikaa na wazee wa Kikuyu akiandika mila zao kwa kirefu. Wazee walimweleza kwa sababu walimhesabu kuwa mtoto wao.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni ilimwita katika idara ya upelelezi. Alisaidia kuwapelekea silaha wapiganaji wa Ethiopia waliokuwa wakipambana na Waitalia. Aliunda mtandao wa siri wa kukusanya habari, na watu aliowatumia walikuwa rafiki zake wa utotoni. Aliwahoji watuhumiwa, akaandika matangazo ya redio, akachunguza miandiko ili kumjua aliyeshika kalamu.

Upelelezi na uchimbaji wa mambo ya kale ni ndugu kuliko tunavyopenda kukiri. Mpelelezi na mchimbaji wote hufika mambo yamekwisha kutendeka. Hukuta jivu, kipande cha chungu, mwandiko uliopinda, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa mtendaji. Na wote wawili humhitaji mwenyeji wa kuwaeleza. Sisi wa mpakani tunalijua hilo. Mtu anayesema Kiteso, Kisamia, Kiganda na Kiswahili hupatana na kila mtu sokoni, na kwa sababu hiyo hiyo kila mwenye mamlaka humtaka awe upande wake.

Hata uchimbaji ulipata mikono kutoka vitani. Mwaka 1942 Leakey na mkewe Mary waligundua huko Olorgesailie mashoka ya mawe yaliyotapakaa ardhini kwa wingi, na miongoni mwa waliochimba hapo baadaye walikuwa Waitalia waliotekwa vitani.

Mwaka 1945 alikabidhiwa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, na Januari 1947 akawakusanya jijini wataalamu wa historia ya kale kutoka sehemu nyingi za Afrika na kwingineko. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti uliotugusa sisi wa magharibi: vyungu vya kale vyenye kibonyo kitakoni, vilivyochimbuliwa Urewe, Siaya, na Archidikoni Walter Owen, ambaye hakuishi kuuona ukichapishwa. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana pia Uganda na Rwanda. Wafinyanzi wake walikuwa wakulima na wahunzi wa zamani sana, kabla ya forodha yoyote kusimama Busia.

Laiti hadithi ingeishia kwenye vyungu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilimrudia Leakey. Alikaa Kapenguria akiwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alipinga tafsiri yake akisema anaelemea upande mmoja, na Leakey akajiondoa. Hapo mimi siwezi kumtetea. Lugha aliyopewa bure na watoto wenzake wa Kabete aliifanya chombo cha kuwahukumia watu wao.

Sifa zilimfuata hata hivyo. Tarehe 17 Julai 1959 Mary aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika Korongo la Olduvai, na mwaka 1964 Leakey na wenzake wawili wakatangaza spishi nyingine ya kale, Homo habilis. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Yale aliyoambiwa na wazee kabla ya vita yalitoka kitabuni mwaka 1977, majuzuu matatu, wengi wa waliosimulia wakiwa wamekwisha kwenda.

Miaka ya karibuni Kakapel imechimbwa na timu ambayo ndani yake yumo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Natalie Mueller wa Marekani. Udongo hutiwa majini, mbegu zilizoungua zikaelea, zikaokotwa moja moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha kunde za miaka 2,300 iliyopita, na wimbi wa miaka 1,000 au zaidi. Wimbi ndio wazee wa Kiteso wanaotengenezea pombe ya ajon hadi leo, wakaketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakisimuliana.