Chumvi Chini ya Ardhi: Pango, Ghala au Uvungu?

Kiswahili hakina upungufu wa maneno yahusuyo chumvi. Tunayo chumvi, tunao munyu, tunayo magadi. Na huko Uvinza watu wamepika chumvi kutokana na maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini maneno hayo yahusu kile kitolewacho ardhini. Siku hizi lahitajika jina la kile kibakiacho: uwazi mkubwa ulio ndani ya mwamba wa chumvi, ambamo mataifa kadhaa huhifadhi gesi na nishati. Kabla ya kuupa jina, yafaa tuitazame historia yake.

Mwaka 1670 mwamba wa chumvi uligunduliwa karibu na Northwich, Uingereza. Hapo kwanza ulichimbwa kwa sururu. Baadaye ilionekana ni rahisi zaidi kuuacha uyeyuke katika maji na kuyavuta maji hayo juu. Katika karne ya 19 wenye viwanda waliyavuta pasipo kipimo. Ardhi ikatitia, nyumba zikainama na kubomoka, hata Bunge likapitisha sheria ya fidia mwaka 1891.

Ufundi ulipokomaa, hasara iligeuzwa kuwa faida. Kisima hutobolewa, maji husukumwa chini, chumvi huyeyuka, na maji ya chumvi hupandishwa juu kwa kipimo. Ili kuyeyusha mita moja ya ujazo ya chumvi huhitajika mita za ujazo 7 hadi 8 za maji. Uwazi upatikanao hufaa sana kwa kuhifadhia, kwa sababu chumvi haipitishi gesi kwa urahisi, na ufa ukitokea, uzito wa miamba huisukuma chumvi ikajiziba yenyewe. Huko Teesside, Uingereza, haidrojeni imehifadhiwa hivyo tangu mwaka 1972. Mwaka 1978, Huntorf katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kilianzishwa kituo cha umeme kitumiacho hewa iliyoshindiliwa ndani ya chumvi. Texas, Marekani, ilifuata kwa haidrojeni mwaka 1983.

Nyakati zile haidrojeni ilikuwa malighafi ya viwanda tu. Leo umepatikana wajibu mpya. Jua huchwa na upepo hutulia, lakini matumizi ya umeme hayakomi. Umeme wa ziada waweza kutenganisha maji yakatoa haidrojeni, nayo ikawekwa akiba kwa miezi mingi, muda ambao betri haziumudu kwa gharama nafuu. Kwa kusudi hilo serikali ya Marekani ilidhamini, mwaka 2022, mkopo wa dola milioni 504.4 kwa mradi wa Delta, Utah.

Basi, tuuiteje uwazi huo? Wengine husema "pango la chumvi". Lakini pango hukutwa, halitengenezwi, na jina hilo huficha mkono wa mtu, mkono ule ule uliozamisha nyumba za Northwich. "Ghala la chumvi" litafahamika kuwa mahali pa kuwekea chumvi, hali chumvi hapa ni ukuta, si shehena. "Shimo" huwa wazi juu. Linabaki neno uvungu, ambalo tayari hutaja uwazi uliozungukwa na kitu, kama uvungu wa mti. Twapendekeza "uvungu wa chumvi" kwa uwazi wenyewe, na "uvungu wa hifadhi" pale utumikapo kuwekea gesi au hewa.

Jambo hili si la wageni peke yao. Katika bonde la Mandawa, mkoani Lindi, visima vya utafutaji wa mafuta vilikuta matabaka mazito ya chumvi. Iwapo siku moja wataalamu watakwenda kuomba ridhaa ya wanavijiji, neno "pango" litawaambia kwamba kitu hicho kilikuwapo tangu zamani. Neno "uvungu" litawapa nafasi ya kuuliza: nani atauchonga, kwa maji ya wapi, na maji ya chumvi yatamwagwa wapi? Istilahi njema ni ile imwezeshayo mwananchi kuuliza swali linalostahili.