Ngazi Sita za Sauti

Mwaka 1937, mhandisi Mwingereza Alec Reeves alikuwa Paris akitafuta dawa ya simu za masafa marefu. Kila kikuza sauti kilichowekwa njiani kilikuza na mikwaruzo pia. Reeves akaona heri sauti ipimwe mara maelfu kwa sekunde, kisha zisafirishwe namba tu.

Wazo hilo zuri lilizaa kosa lake. Namba zina ngazi, sauti haina. Kipimo kikiangukia kati ya ngazi mbili husogezwa kwenye iliyo karibu, na tofauti hiyo hairudi tena.

SIGSALY, mtambo wa siri wa Marekani uliosafirisha mazungumzo kwa namba, ulianza kazi Julai 1943 kati ya Washington na London. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, na upande wa London ulifichwa chini ya duka la Selfridges. Nguvu ya sauti ilikadiriwa kwa ngazi sita tu, mara 50 kwa sekunde! Kwa ustadi mkubwa, wahandisi walizisogeza karibu zaidi ngazi za chini, maana sauti hafifu ndiyo huumia zaidi.

Mwaka 1962, Lawrence Roberts wa MIT alionyesha jambo la ajabu kwenye picha: ukiongeza chenga za kubahatisha kabla ya kukadiria, kisha ukaziondoa, michirizi ya bandia inayoletwa na uchache wa ngazi hufifia.

Santuri za CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilikuwa na ngazi 65,536. Hata hivyo, mafundi wa studio bado huongeza mvumo mdogo kwa makusudi wanapopunguza ngazi za rekodi.